Maji ya Chini ya Tuta

"Chini huko haishi mtu," alisema Bwana Kibada, mwenye bwawa la starehe. "Jaza hatari ndogo kwenye fomu, tumalize."

Mkaguzi Zuhura hakujaza. Aliteremka hadi chini ya tuta la udongo lililozuia maji ya bwawa, akamkuta mama mmoja akikinga maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye udongo. Nyuma yake zilianikwa nguo za watoto.

"Shikamoo, mama. Haya mnakunywa?"

"Marahaba, mwanangu. Miaka yote. Ila tangu juzi lazima tuyaache yatulie kwanza."

Mama alimpa glasi ya maji hayo. Zuhura aliiinua juani. Udongo mwekundu wa tuta ulikuwa ukizama taratibu. Maji yalikuwa yakilila tuta kwa ndani; lingeweza kubomoka wakati wowote. Juu, wageni walicheka mitumbwini.

"Waite watoto, mama," alisema, bila kuishusha glasi.