Swichi ya Kebini

Siku ile mjinga alikuwa rubani msaidizi. Wengine wote ndani ya ndege walikuwa wanasikia baridi tu.

Katika ndege zile ndogo za safari fupi, juu ya vichwa vya marubani kuna swichi ya mviringo inayopanga joto la kebini. Izungushe huku, abiria watatoka jasho. Izungushe kule, watatetemeka. Na pembeni kabisa pana alama ndogo: ukiiweka hapo, rubani umenawa mikono. Joto linakuwa la mhudumu, analipanga mwenyewe kwa vitufe vilivyo karibu na mlango wa mbele.

Asubuhi ile mhudumu alikuwa mama watoto wake. Aliliomba joto, na rubani msaidizi akaiweka swichi kwenye alama.

“Chukua lote,” alimwambia kwa madaha. “Mimi kwako nina choyo gani?”

Choyo kilikuja abiria walipoanza kupanda.

Kilipanda pamoja na mwanamume mwenye kipara kinachong'aa, aliyekaa safu ya pili. Mama watoto alimpokea koti, akamwekea mto mgongoni bila kuulizwa, kisha akacheka. Si kile kicheko cha kazini cha kukaribisha wageni. Hiki kilitoka tumboni, na rubani msaidizi hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho. Na amejuaje kwamba mgongo wa yule bwana unataka mto?

Hapo ndipo maneno ya watoto yalipomrudia. Wikiendi iliyopita, huku wakigombania rimoti, walikuwa wamemwambia, “Baba, anko Kipara ametutengenezea baiskeli!”

“Anko yupi?”

“Anko Kipara. Anapiga mbinja kwa pua.”

Alicheka siku ile. Sasa alifunga mlango wa chumba cha marubani kwa nguvu hadi kapteni akageuka.

“Kuna nini, bwana mdogo?”

“Hakuna, mzee. Leo tukitua nataka nimpeleke mama watoto nyumbani, nikamwonyeshe kitu. Chumba nimekipaka rangi ile anayoipenda. Na bomba la jikoni nimelitengeneza.”

“Lile alilolilalamikia miaka mitano?”

“Lile lile.”

“Umewahi kweli,” alisema kapteni, akarudi kwenye redio yake.

Ndege ilipotulia angani, kapteni akiwa bado anaongea na watu wa chini, mkono wa rubani msaidizi ulipanda polepole kama mkono wa mtoto kwenye kopo la sukari. Ukaitoa swichi kwenye alama. Ukaizungusha hadi mwisho wa upande wa baridi.

Haukupita muda, simu ya ndani ikalia.

“Vitufe vyangu vimekufa,” alisema mama watoto. “Watu wanaganda huku.”

“Mitambo hiyo, mama watoto. Mfunike mgeni wako.”

“Nina wageni sitini.”

“Nasema yule wa safu ya pili.”

“Kazini mimi naitwa mhudumu.” Simu ikakatwa.

Akatabasamu peke yake. Tabasamu likamwasha hadi akataka kwenda kuonja matunda ya kazi yake kwa macho, na choo kikawa kisingizio kizuri. Utaratibu wao ulikuwa kwamba rubani habaki peke yake: mmoja akitoka, mhudumu anaingia kushika zamu mpaka arudi. Basi wakapishana mlangoni, yeye akitoka, mama watoto akiingia, bila hata kutazamana.

Alichungulia kebini. Bibi mmoja alikuwa amevaa soksi mikononi. Mtoto mchanga alilia ndani ya koti la baba yake. Na Kipara? Kipara alikuwa amejikunyata raha mustarehe, amefunikwa mpaka kidevuni kwa mtandio wa bluu. Rubani msaidizi aliujua mtandio ule uzi kwa uzi. Aliununua yeye.

Kumbe baridi yake mwenyewe ndiyo iliyoutoa begani kwa mama watoto ukatua kule!

Alirudi amefura kama andazi, na ni pale mlangoni tu alipokumbuka jambo ambalo hata rubani mwanafunzi asingelisahau: muda wote huo, mama watoto alikuwa amesimama chini ya ile swichi.

Alimkuta amekaza macho juu. Mikono yake mitupu ilikuwa imesimama vinyweleo. Mama watoto akairudisha swichi kwenye alama, akatoka.

Walipotua, abiria wakashuka, Kipara akabaki chini ya ngazi, mtandio ameukunja vizuri mkononi, anasubiri. Rubani msaidizi aliona heri awahi kushambulia kabla hajashambuliwa.

“Mtandio niliokununulia mimi!” alimfokea mama watoto. “Unamfunika nao mwanamume mwingine, na baba watoto wako yupo humu humu!”

“Ulitugandisha makusudi.”

“Na wewe je? Mimi napaka rangi chumba, natengeneza bomba, kumbe anko Kipara anatengeneza baiskeli! Anakuja mpaka kwa watoto wangu! Leo utaniambia, yule ni nani?”

Kapteni alijifanya anatafuta kofia yake, na kofia iko kichwani.

Mama watoto alifunga kabati, akachukua mkoba wake, akamtazama bila hasira hata kidogo.

“Joto ulinipa asubuhi, njiani ukaninyang'anya. Sawa, ndege ni yenu, zungusheni mtakavyo. Lakini talaka uliyonipa mwaka juzi hairudi kwa kuzungusha swichi, na yule uliyekuwa unamgandisha ndiye anayenioa Jumamosi.”