Ubeti wa Mgumba

Wimbo uliotamba mwaka ule ulimkejeli mwanamke asiyezaa, na hakuna harusi iliyokwisha bila kuupiga. Ukifika ubeti wa mgumba, wanawake humgeukia anayesemwa, naye hutoka ukumbini kimya.

Jioni moja, harusini, walimgeukia Mwanakheri.

"Wifi, wimbo wako huo, mbona hutoki?" akauliza dada wa mumewe. Meza nzima ikacheka.

Mwanakheri alimtaja Mungu moyoni, akainuka. Hakwenda mlangoni. Alikwenda hadi mbele ya mwimbaji, akaanza kucheza taratibu, uso juu.

"Rudia ubeti ule, kaka," alimwambia. "Nimekuja kuucheza."

Mwimbaji aliinua kipaza sauti, kisha akakishusha. Ngoma zikaendelea peke yake. Kule jukwaani, bibi harusi alikuwa ameinama, anavua viatu, macho kwa Mwanakheri.