Gauni Lililofuliwa

Sikudhani alipoanguka kutoka mperani akakalia kigingi cha kufungia mbuzi, mama yake, Mwanahawa, aliona tundu dogo tu makalioni. Aliona aibu kumpeleka hospitali. Akamkalisha kwenye beseni la maji ya chumvi, akafua gauni. Kesho yake tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama ubao, akamkimbiza hospitali.

Daktari alimpima njia ya haja kubwa, glavu ikatoka na damu.

“Mama, jana hukuona damu?”

“Niliifua, baba.”

“Utumbo wa chini umetoboka. Tunampasua sasa hivi. Choo kitatokea tumboni, kwenye mfuko, mpaka kidonda kipone.”

“Atapona?”

“Mngekuja jana ningekujibu.”

Kitanda kikasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji.

“Mama, nitakaa tena kwenye beseni,” Sikudhani alilia. “Waambie.”

Mlango ukafungwa. Mwanahawa alibaki amekumbatia lile gauni, safi, halina hata doa.