Mama wa Likizo

Siwema alikisikia kicheko chake mwenyewe kabla hajafungua mlango. Alijua ni chake, ingawa hakuwa amecheka tangu aajiriwe katika kiwanda cha nguo.

Ndani, roboti mwenye sura yake alikuwa akicheza mdako na binti yake, Mwajabu. Ndivyo sheria ilivyotaka: mfanyakazi abaki kwenye cherehani, likizo yake ichukuliwe na mashine nyumbani. Eti mfanyakazi akionja mchezo hurudi mvivu. Siwema alikuwa ametoroka saa ya chakula.

"Nipeni kokoto na mimi," alisema, akaketi mkekani.

Akairusha juu. Vidole vyake, vilivyozoea kusukuma kitambaa tu, vikasukuma hewa. Kokoto ikamwangukia Mwajabu jichoni.

"Mama wa kazi hajui kucheza," mtoto akalia, akimkumbatia yule mwingine. "Mama wa likizo hakosi."

King'ora cha kiwanda kikalia. Siwema akainuka, akasubiri kuagwa. Hakuagwa. Alipokuwa nje akivaa kandambili, aliisikia sauti yake mwenyewe ikibembeleza kule ndani:

"Nyamaza, mwanangu. Hatakuja tena kutuharibia mchezo. Nakuahidi."