Mwili Mwepesi

Kwa miaka saba Zawena aliomba mtoto, akiamini kwamba siku atakapompakata moyo wake utajaa. Siku ya hamsini na moja baada ya kujifungua, alitoka kwa fundi cherehani, akaenda sokoni, akachagua bamia huku akiimba. Mwili ulikuwa mwepesi, kama wa zamani.

"Mtoto hajambo?" muuza bamia akamuuliza.

Alirudi mbio, kanga ikimdondoka. Kibarazani kwa fundi, wanawake watatu walikuwa wamemzunguka mwanawe, aliyelazwa juu ya vipande vya vitambaa.

"Umeupata uzi niliokutuma?" Bi Mashavu, yule fundi, alimuwahi kabla mtu hajafungua kinywa.

Zawena alijua anasitiriwa. "Umekwisha, bibi," alijibu, machozi yakimlenga.

Wanawake walipoondoka, alijiinamia. "Bi Mashavu, laiti ningekuwa nimemsahau tu. Nilifurahi kuwa bila yeye."

Bi Mashavu alimnyanyua mtoto taratibu, akampa mama yake. Mtoto akaamka, akamkazia macho bila kupepesa, na Zawena ndiye aliyetangulia kutazama chini.