Sentensi Moja ya Bi Hoa

Miaka hiyo, mwalimu wa Kiingereza akifika Vietnam alipachikwa kifaa nyuma ya sikio, akajua Kivietinamu papo hapo. Siku ya kuondoka kilichomolewa, na lugha ikaenda nacho.

Bi Hoa, mwenye nyumba wa Mwalimu Mwanakheri, hakuipenda sheria hiyo hata chembe. “Watoto wetu wabaki na Kiingereza chako, wewe uende mikono mitupu? Kizime hicho kifaa! Keti hapa, mjukuu wangu.” Wiki nzima, wakichambua mboga, akamkaririsha sentensi moja ya Kivietinamu kwa mdomo: “Umekula?”

Mwezi wa pili tangu Mwanakheri arudi Pemba, simu ikalia. Bi Hoa alisema mengi, sauti ikimtetemeka, kisha akangoja jibu.

Mwanakheri akampa lote alilokuwa nalo.

“Umekula?”