Programu Isiyongoja Jibu

Bosi alisema asante tena. Hiyo ilikuwa ya tatu tangu Jumatatu, na fundi wa programu alizidi kuchanganyikiwa.

Jumapili, akiwa amefura kwa hasira, alimwandikia bosi huyo barua ya kuacha kazi. Kurasa mbili! Alimweleza kwamba ni bahili wa kupindukia, kwamba miaka mitano yote asante haijawahi kumtoka mdomoni, na kwamba miluzi yake ofisini inatia watu ganzi la meno. Akaituma kwa programu ya barua za ofisi, aliyoitunga kwa mikono yake mwenyewe, akalala usingizi wa pono. Asubuhi shemeji yake akapiga simu: ile kazi mpya aliyomwahidi, basi tena. Lo! Na yeye ni mama wa watoto wawili wanaomtegemea.

Akaenda kazini amenywea, akingoja kufukuzwa. Badala yake, asante. Miluzi ndiyo haikupungua. Pengine hapo hapakumwingia.

“Amesoma, na amenisamehe,” alijiambia, machozi yakimlengalenga. “Kumbe mzee wa watu nilimwonea bure.”

Alhamisi bosi alimjia mbio mbio. “Fundi wangu, niokoe. Tangu Jumatatu wale wageni walipokubali kuja kununua programu yetu, nina furaha kama mtoto. Sasa wanakuja leo saa tano, na watu wanalalamika barua nyingine hazifiki! Tukiuza, nakupa mkataba wa kudumu.”

Mkataba wa kudumu! Fundi alikaa kwenye kompyuta kwa moyo wote. Saa nne na nusu akalinasa kosa, akajipiga kofi kwenye paji la uso huku akicheka.

Kulikuwa na methodi moja, kijisehemu cha programu chenye kazi moja tu, aliyoiita Tuma. Kila inapopewa barua, Tuma hurudisha jibu: ndiyo, imekwenda, au hapana, imekwama. Kumbe yeye mwenyewe hakuandika popote pa kulipokea jibu hilo. Programu ilikuwa ikiiagiza Tuma, halafu hiyoo, inamwambia mtu “Barua imetumwa” bila kusikiliza chochote. Sawa na mtu anayepiga hodi akaenda zake kabla hajaitikiwa.

“Mjinga mimi,” alisema, na kuandika mistari minne tu. Jibu lipokelewe. Likiwa hapana, barua itumwe tena na tena mpaka liwe ndiyo.

“Na zile zilizokwama zamani?” bosi aliuliza, akichungulia juu ya bega lake.

“Zipo zimehifadhiwa, Bosi. Zote zitakwenda, hata moja haitabaki.”

“Asante sana, mama!”

Fundi aliona aibu kwa yote aliyowahi kumfikiria mtu huyu. Akaapa moyoni kwamba hatamsema tena vibaya, si mbele yake wala kisogoni.

Saa tano wageni waliketi, watu watano wenye suti na nyuso ngumu. Fundi alibonyeza. Majibu yakashuka kwenye skrini: ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka zikatimia barua kumi na saba. Nyuso zikalainika. Mmoja akapiga makofi.

Simu ya bosi ikalia mfukoni.

“Mnaona? Hii hapa ilikwama tangu Jumapili!” alisema kwa furaha, akivaa miwani. “Tena imetoka kwa fundi wangu mwenyewe. Ngojeni niwasomee.”